Kabla Hujauliza "Ilikuwaje Ukatuma?"

Tulikuwa tumekaa barazani kwa mwenyekiti wetu, hapa Uyole, Mbeya, tukihesabu hisa za juma za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nami nikiandika kama katibu, simu ya mweka hazina ilipoita. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai huku kwetu mnaijua. Kila mama alikuwa amejifunga kitenge juu ya sweta. Mweka hazina aliweka spika ili mikono yake iendelee na noti.

"Shikamoo mama mdogo. Pole sana. Vipi hali hapo Rufaa, wameshakutundikia dripu? Ile laki mbili nilituma muda ule ule, ila hii nyingine unayoomba sasa, ngoja kwanza baba watoto arudi."

Aliyekuwa anaongea ni binti wa marehemu dada yake, ameolewa Tukuyu. Na aliyekuwa anapewa pole hakuwa amelazwa popote. Mbele yake palikuwa na sanduku la kikundi, funguo zake tatu na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Mwanangu, mimi nipo kwenye kikao," alisema. "Hospitali gani tena?"

Kilichofuata baada ya jibu hilo ndicho kilichonikaa moyoni kwa majuma kadhaa, na ndicho kinachonifanya niandike. Kabla ya yeyote kati yetu kushika simu na kupiga mahali, baraza zima lilimgeukia mweka hazina. Ulimpa nani namba zako? Si tulishaambiwa mambo haya kila siku redioni? Na yule binti, ambaye bado alikuwa hewani, naye akapata fungu lake: na wewe mwanangu, ilikuwaje ukatuma bila kupiga kwanza?

Maswali hayo yalichukua karibu nusu saa.

Nusu saa ya lawama

Namna wizi wenyewe ulivyofanyika wengi wenu mnaijua, kwa hiyo nitaipita haraka. Asubuhi ile mweka hazina alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwanakwaya mwenzake, ambaye akaunti yake ilikuwa imekwisha kuibwa bila mwenyewe kujua, akiombwa amrudishie namba sita "zilizokuja kwake kwa bahati mbaya". Akazituma, bila kujua kwamba ndizo zinazofungua akaunti yake mwenyewe. Muda mfupi baadaye WhatsApp yake ikajifunga, naye akadhani bando limekwisha, akaendelea na safari ya kuja kwenye kikao. Wakati sisi tunasalimiana, mtu mwingine alikuwa akiwaandikia watu wake kwa jina lake na picha yake.

Watu watatu walituma fedha asubuhi ile. Binti wa Tukuyu alituma 200,000. Mwanakikundi mwenzetu aliyekuwa ameomba udhuru kwa sababu alikwenda mnadani Mbalizi alituma 150,000, na fedha hiyo ilikuwa sehemu ya mkopo aliouchukua kwetu juma lililotangulia. Shemeji wa mweka hazina, aliyeko Makambako, alituma 100,000, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutuma.

Nimejiuliza sana kwa nini watu wema, wanaopendana, walianza na lawama. Sidhani kwamba ilikuwa ukatili. Nadhani ilikuwa hofu. Ukishampata mwenzako kosa lake, unapata nafasi ya kujiambia kwamba wewe usingelifanya, kwa hiyo wewe uko salama. Swali la "ilikuwaje ukatuma" humtuliza anayeuliza, na anayelipia utulivu huo ni aliyeibiwa, kwa muda wake, katika saa ambayo kila dakika ina thamani ya fedha.

Kwa maana fedha iliyotumwa kwa simu hupita mahali pengi kabla haijapotea kabisa. Kwanza hukaa kwenye akaunti ya aliyepokea. Kutoka hapo huhamishiwa laini nyingine, au hutolewa kwa wakala, au hununuliwa muda wa maongezi. Maadamu bado imo kwenye akaunti, mtandao wa simu unaweza kuizuia. Ikishatolewa na kuwa noti mkononi mwa mtu, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Anayepiga ni aliyetuma

Aliyetuondoa kwenye lawama ni mjukuu wa mwenyekiti, kijana wa kidato cha nne aliyekuwa anapita kuchukua maji ya moto. Alisimama, akasikiliza, akasema kwa heshima zote: "Bibi, mbona hamjapiga mia moja?"

Mweka hazina akapiga 100, namba ya huduma kwa wateja ambayo ni moja kwa mitandao yote. Hapo tukajifunza jambo la kwanza, ambalo natamani lingebandikwa kwenye kila mlango wa kanisa na kila kibanda cha wakala: yeye hakuwa na muamala wowote wa kulalamikia. Jina lake lilitumika, lakini fedha haikutoka kwenye laini yake. Aliyepaswa kupiga ni yule aliyetuma, kwa laini aliyotumia kutuma, akiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, saa, na namba iliyopokea.

Kwa hiyo ikabidi kuwapigia wote watatu, mmoja mmoja, na kuwaambia wapige. Wa Makambako alipiga papo hapo, na fedha yake ilikutwa bado ipo, ikazuiwa. Baada ya taratibu kadhaa ilirudi. Ya Tukuyu na ya Mbalizi ilikuwa imekwisha kutolewa. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ile nusu saa ndiyo iliyozipoteza, maana huenda zilitolewa mapema zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba hatukumpa yeyote kati ya wale wawili nafasi ya kujaribu.

Wakati huo huo palikuwa na mlango mwingine ulio wazi. Mwizi alikuwa bado anaandika. Yule kijana aliifuta WhatsApp kwenye simu ya mweka hazina, akaipakua upya, akaingiza namba, na namba sita mpya zikaja kwa ujumbe mfupi kwenye laini yake. Zilipoingizwa, mwizi alitolewa. Lakini programu ikadai tarakimu nyingine, za uthibitisho wa hatua mbili, ambazo mweka hazina hakuwahi kuziweka. Mwizi ndiye aliyeziweka ili kumfungia nje. Katika hali hiyo WhatsApp humtaka mwenye namba asubiri siku 7 ndipo aingie bila tarakimu hizo.

Mweka hazina hakulala vizuri siku hizo zote, kwa sababu aliamini kwamba mwizi bado yumo ndani anasoma. Sivyo. Mara mwenye laini anapoingiza zile namba sita mpya, aliyekuwa ndani hutoka, hata kama mwenyewe bado hajaruhusiwa kuingia. Mazungumzo ya zamani nayo hayamo mikononi mwa mwizi, maana hukaa kwenye simu yenyewe na kwenye nakala ya akiba ya mwenye simu. Anachokipata mwizi ni makundi na majina ya waliomo, pamoja na kila ujumbe unaoingia akiwa ndani. Hilo ni baya vya kutosha, lakini lina mpaka, na kujua mpaka wake kungempunguzia mama yule mateso.

Kwa kuwa WhatsApp ilikuwa imefungwa, taarifa ilibidi ipite njia nyingine. Tuligawana orodha tukapiga simu. Jumapili, kwenye matangazo ya usharika, mwinjilisti alisoma sentensi mbili tu: kwamba namba ya mama fulani ilivamiwa, na kwamba mtu asitume kitu kabla hajampigia na kuisikia sauti yake mwenyewe. Naamini tangazo lile liliokoa fedha nyingi kuliko hatua nyingine yoyote tuliyoichukua.

Kilichofutwa

Binti wa Tukuyu alikuwa ameshuku kabla ya kupiga. Mama yake mdogo haandiki. Tangu apate simu ya kupangusa hutuma sauti, tena ndefu, zenye salamu za kila mtu wa nyumbani hadi mbuzi. Ujumbe wa siku ile ulikuwa wa maandishi, mfupi, na ulimwita "mpendwa". Neno hilo ndilo lililomfanya apige simu badala ya kutuma mara ya pili.

Kisha, alipohakikisha kwamba ameibiwa, alifuta mazungumzo yote na kuifungia namba.

"Sikutaka kuyaona tena," aliniambia. "Kila nikifungua simu naona ujinga wangu."

Namwelewa kabisa, na bado naona kwamba hiyo ndiyo hatua iliyotugharimu kuliko zote baada ya ile nusu saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini inaitaka mahakama ipime namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa, na kama haikuchezewa. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba simu yenyewe, ikiwa na mazungumzo mahali yalipozaliwa, ina uzito ambao picha iliyopitishwa kwa watu sita haina. Skrinshoti ni nzuri na zipigwe mapema, zikionyesha namba nzima, siyo jina ulilolihifadhi wewe. Lakini ni nakala, na haziruhusu kufuta kile zilichonakili.

Kilichotusaidia ni kwamba ujumbe wa mtandao wa simu unaothibitisha muamala ulikuwa bado upo, na taarifa ya miamala ilipatikana dukani kwa mtandao husika. Mazungumzo yenyewe yalibaki kwenye simu ya shemeji wa Makambako, ambaye hafuti chochote kwa sababu hajui kufuta.

Vituo viwili

Palizuka mabishano ya nani aende polisi. Wengi barazani walisema mweka hazina aende kwa niaba ya wote, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye aliyetumiwa jina. Kituoni ikaeleweka kwamba yapo makosa mawili na walalamikaji tofauti. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta ni kosa chini ya kifungu cha 15, na hapo aliyekosewa ni mweka hazina. Kujipatia fedha kwa udanganyifu huo ni kosa chini ya kifungu cha 12, na hapo aliyekosewa ni yule aliyetoa fedha yake. Kwa hiyo mweka hazina alitoa taarifa yake hapa, binti akatoa yake Tukuyu, kila mmoja akapata RB yake, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, na katika maelezo yao kila mmoja akaitaja taarifa ya mwenzake ili majalada yajuane.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiishia kuchukua taarifa ya upotevu, ile inayotumika mtu akidondosha kitambulisho au laini, wakadhani wamefungua kesi. Taarifa ya upotevu inasema kitu kimepotea. Haisemi kwamba mtu amekiiba, wala haimpeleki mpelelezi popote. Na ni RB, pamoja na barua ya polisi, inayofungua mlango wa mtandao wa simu kutoa taarifa za mwenye namba. Ukienda mwenyewe dukani kudai jina na makazi ya mtu, hawatakupa, na sheria haiwaruhusu.

Zipo njia nyingine zinazokwenda sambamba na polisi, bila kuchukua nafasi yake. Namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano ili namba hizo zifungiwe. Haurudishi fedha yako, ila unamnyima mwizi chombo cha kesho. Mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya. Na kama unaona mtoa huduma ya fedha hakulishughulikia lalamiko lako inavyopasa, unalipeleka kwake kwanza kwa maandishi, unadai namba ya lalamiko, na usiporidhika unakwenda Benki Kuu, ambayo nayo ina tawi mjini hapa. Tuna mazoea ya kudhani kwamba ofisi za namna hiyo ni za watu wa Dar es Salaam. Kutoka Uyole ni daladala moja.

Hata mwizi tunamweka mbali kuliko alipo. Barazani kila mtu alimtafuta ng'ambo, au Dar. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro kuwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli kwa simu. Rukwa ni jirani yetu wa mtaa wa pili, na sisemi hivyo kuwatia doa watu wake, ambao nao wanaibiwa. Nasema kwa sababu mwizi aliye nchini, anayetumia laini iliyosajiliwa hapa na kutoa fedha kwa wakala wa hapa, anaacha nyayo ambazo mpelelezi wa hapa anaweza kuzifuata.

Jina lililotokea kwenye simu

Wote watatu waliona jina moja walipotuma, jina la mwanamume. Vijana wa familia walitaka kuliweka Facebook usiku ule ule, pamoja na namba, na picha waliyoipata kwa kutafuta jina hilo.

Nilipinga, na nilipata shida kueleza kwa nini.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwanzoni mwa 2020, tumezoea kuamini kwamba jina linalotokea ndilo la mwenye simu. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo wanaosajiliwa laini wasiyoijua: mzee anakwenda kwa kijana mwenye mwavuli kando ya barabara, anaambiwa kidole hakijasoma, weka tena, na kile kidole cha pili kinasajili laini nyingine inayouzwa kwa mtu mwingine. Yeyote anaweza kupiga *106# na kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na nawasihi mfanye hivyo kwa wazazi wenu kabla hamjamaliza kusoma. Mtu ambaye jina lake lilitokea kwetu anaweza kuwa mwizi. Anaweza pia kuwa mkulima wa Laela asiyejua lolote. Picha waliyoipata vijana ilikuwa ya mtu mwenye jina hilo. Hakuna aliyeweza kusema kwamba ni mtu huyo.

Kumtangaza asiye na hatia kungekuwa dhuluma mpya, na kungemgeuza aliyeibiwa kuwa mshtakiwa. Na kama kweli ni mwizi, tangazo lingemwonya aitupe laini.

Hata hivyo dada mmoja wa familia aliandika Facebook, bila kutaja jina, kwamba wameibiwa na wanaomba msaada. Haikupita siku nyingi akapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa wa kitengo cha makosa ya mtandao makao makuu, mwenye sauti tulivu, anayejua kiasi kilichoibwa kwa sababu kilikuwa kimeandikwa kwenye tangazo. Fedha imeonekana, alisema. Kilichobaki ni ada ya kufungulia mfumo. Kutoa taarifa polisi hakulipiwi, na hakuna ofisa wa polisi, wa benki wala wa mtandao wa simu anayerudisha fedha kwa kutumiwa nyingine. Aliyeibiwa mara moja ana matumaini, na matumaini hayo yana soko lake.

Pale kilichoibwa si fedha

Wasomaji kadhaa wameniandikia kwa siri kuhusu picha za faragha na vitisho vya kuzisambaza. Nitasema machache, ingawa jambo lenyewe ni zito kuliko laki mbili. Usilipe, kwa sababu anayelipwa hurudi. Usifute. Kwenye vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na una haki ya kuomba usikilizwe huko. Kwa mtu mzima ipo huduma ya StopNCII, inayotengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako mwenyewe, bila picha kutoka, ili majukwaa yanayoshiriki yaitambue na kuizuia. Kwa mtoto, piga 116. Na wewe uliyeambiwa siri hiyo, usiombe kuonyeshwa picha.

Deni ni la nani?

Kikao kilichofuata kilijaa kuliko kawaida. Ajenda ilikuwa moja, japo niliiandika kwa maneno ya upole: rejesho la mwenzetu wa Mbalizi, aliyekuwa na deni la kikundi na fedha yake haipo.

Yeye mwenyewe alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. "Sikutuma kwa sababu mimi ni mwepesi wa kudanganywa," alisema. "Nilituma kwa sababu aliyeniomba ni mweka hazina wetu, na angeniomba leo tena angali hospitali, ningetuma tena."

Mama mwenye duka la pembejeo alijibu bila kuzunguka. Jina lililotumika ni la mweka hazina, namba sita alizitoa mweka hazina, basi alipe mweka hazina. Wengi waliitikia kwa kichwa. Mweka hazina akasimama, akasema yuko tayari; ana viazi shambani Igoma, vikitoka atauza na kuwalipa wote wawili, wa Mbalizi na wa Tukuyu.

Palepale wengi walitaka kupiga makofi na kufunga kikao.

Niliomba nafasi kama mwanachama, nikaiweka kalamu chini. Nilisema kwamba tukipokea viazi hivyo kama malipo ya deni, tutakuwa tumeandika kwenye muhtasari wetu kwamba aliyeiba ni yeye. Nilisema pia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hadi niliposimama: kwamba mwezi ujao, atakayeibiwa akaunti yake miongoni mwetu atakumbuka viazi vya Igoma, na badala ya kutupigia simu dakika ile ile atanyamaza, ajaribu kuyamaliza mwenyewe, huku mwizi akiendelea kuandika kwa jina lake. Ukimya huo ungetugharimu kuliko 150,000.

Sikujibiwa kwa urahisi, na jibu nililopewa bado linanisumbua. Mama wa pembejeo aliuliza: "Sawa katibu, mweka hazina asilipe. Basi atalipa nani? Maana ukisema hakuna, umesema alipe huyu wa Mbalizi peke yake."

Ana haki. Kisheria wa kulipa ni mwizi, na mahakama ya jinai ikimtia hatiani inaweza kuamuru amfidie aliyeibiwa. Lakini rejesho la kikundi lina tarehe, na jalada la polisi halina. Kati ya siku ya wizi na siku ya hukumu, kama itakuja, hasara inamlalia mtu fulani, na mara nyingi humlalia yule aliyekuwa mwepesi kusaidia. Msimamo wangu wa kumtetea mweka hazina, ukiachwa peke yake, ulikuwa unamtwisha mwingine.

Tukafungua katiba ya kikundi. Mfuko wa jamii, ule tunaochangia kila juma mbali na hisa, unatoa kwa msiba, ugonjwa na kuunguliwa nyumba. Wizi haumo. Mabishano yalikwenda hadi chai ikapoa: wengine walisema janga ni janga, wengine wakasema tukifungua mlango huu kila mtu atadai kaibiwa. Mwenyekiti aliamua kwa busara kwamba atakayedai alete RB na taarifa ya miamala, na kwamba asiyetoa taarifa polisi hana dai. Kwa mara ya kwanza niliona RB ikipata thamani ambayo haitegemei mwizi kukamatwa.

Tulikubaliana kwamba mfuko wa jamii ulipe 75,000, kwamba riba ya miezi mitatu isamehewe, na kwamba kiasi kilichobaki akirejeshe mwenyewe taratibu. Mweka hazina alibaki na wadhifa wake kwa kura nyingi, si zote. Viazi vyake vilipotoka aliuza akapeleka sehemu ya fedha Tukuyu, na hilo hatukuliingilia, kwa kuwa ni la mama mdogo na mtoto wa dada yake, nao walilipanga wenyewe; binti alimwandikia hati kwamba amepokea msaada, siyo malipo. Mpelelezi amekwisha kuichukua simu ya Makambako, akaikagua na kuirudisha, na jalada liko wazi.

Kwa kikao kijacho nimepeleka rasimu ya kifungu kipya cha katiba. Inasema kwamba ombi lolote la fedha linalotoka kwa kiongozi kwa maandishi lithibitishwe kwa simu ya sauti; kwamba mwanachama anayegundua ameibiwa ampigie mwenyekiti wakati wowote, hata usiku, na atakayepokea simu aanze kwa kumsaidia kupiga 100, maswali mengine yangoje kikao; na kwamba mfuko wa jamii ulipe nusu ya hasara yenye RB, mara moja kwa mwaka kwa kila mwanachama. Mama wa pembejeo anaunga mkono yote isipokuwa hiyo nusu, ambayo anataka iwe robo, na tayari ameanza kupita nyumba kwa nyumba kutafuta kura.